Hamsini ni Nyingi Hapa Kwetu

Ndugu wanachama, na ndugu wote mnaosimama hapa ubaoni,

Mkutano wetu ujao una ajenda ya spidi ya magari. Wengine wamekwisha anza kuguna: ushirika na barabara wapi na wapi? Ushirika ni mahindi, mbolea na bei, basi. Naomba nafasi katika gazeti letu hili la ukutani nieleze kwa nini mimi naiunga mkono ajenda hiyo, tena nataka iende mbele kuliko ilivyoandikwa.

Kwanza tukumbushane tulifikaje barabarani. Vijiji vingi vya nchi yetu havikuota kando ya barabara kama uyoga. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu waliambiwa watoke kwenye mashamba yao ya mbali wakajenge pamoja, mara nyingi karibu na barabara, ili shule, zahanati na lori la mazao viwafikie kwa urahisi. Wakati ule barabara nyingi zilikuwa za vumbi, na lori lenyewe lilikuja kwa kubahatisha. Leo ni lami. Kutoka Songea mjini gari linapita kwetu Ruhuwiko, penye kiwanja cha ndege, linakwenda Kitai, Mbinga, hadi Mbamba Bay ziwani. Makaa ya mawe ya Ngaka yanapakiwa huko Mbinga kwenda bandari ya Mtwara, na malori yake si mepesi. Lami tuliililia wenyewe, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka vumbi lirudi. Lakini barabara ilipobadilika, nyumba hazikusogea, genge halikusogea, na watoto wa shule bado wanakwenda kwa miguu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, lori kubwa na basi la abiria mwisho wao ni 80. Basi mtu anakwambia: sheria ipo, mnataka nini tena? Namjibu kwamba hata hiyo 50, ikifuatwa na kila dereva bila kuiba, ni nyingi mno mahali ambapo mtoto wa darasa la kwanza anavuka peke yake.

Tupige hesabu, maana hesabu haina chama. Gari linalokwenda 50 linakula mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, karibu sekunde nzima inapita kabla mguu haujakanyaga breki. Hizo mita 14 zimekwisha potea, gari bado linakwenda vile vile. Kisha breki zinaanza kazi, na hata kama ni nzuri na lami ni kavu, gari dogo litahitaji mita 14 nyingine ndipo lisimame. Jumla 28. Sasa chukua dereva yule yule, macho yale yale, ila anakwenda 30. Sekunde ya kushtuka inamla mita 8, breki mita 5, amesimama kwenye mita 13. Mnaona jambo lenyewe? Pale ambapo gari la 30 limekwisha simama kabisa, gari la 50 breki hazijaanza hata kushika! Kwa 80 utahitaji karibu mita 57. Na hayo ni ya gari dogo. Lori lenye shehena, kwenye mvua ya Machi, na breki ambazo Mungu ndiye anazijua, sitaki hata kulipigia hesabu.

Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kwa asilimia 4. Linasema pia kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua duniani. Siyo malaria, siyo UKIMWI. Ndiyo maana mawaziri waliokutana Stockholm, Sweden, mwezi Februari 2020 walitoa wito kwamba mahali watu wa miguu na magari wanapochanganyika, mwendo usizidi 30. Kwa hiyo namba hii hatukuiota sisi chini ya mwembe.

Najua wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya. Haya, twende Dar es Salaam. Kuna shirika linaitwa Amend ambalo limekuwa likitengeneza mazingira ya shule za msingi zilizo karibu na barabara hatari: matuta, njia ya waenda kwa miguu, alama za kuvukia, vibao. Walipopima, walikuta mwendo wa magari umeshuka sana na watoto wanaoumia wamepungua kwa zaidi ya robo. Kazi hiyo ikapewa tuzo kubwa ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Hapakuwa na mitambo ya ajabu. Ni udongo, saruji, rangi na vibao.

Upande wa pili nao usikilizwe, kwa sababu hasira za watu kuhusu jambo hili ni za kweli. Kule Wales waliposhusha mwendo mitaani kufikia maili 20, yaani kama kilomita 32, tarehe 17 Septemba 2023, watu zaidi ya 460,000 walitia sahihi kupinga. Majeruhi katika barabara hizo wakapungua kwa kiasi cha robo, lakini kelele hazikuisha mara moja. Na sisi madereva watanuna. Tayari wananung'unika kwamba kibao cha 50 ni mtego, kwamba trafiki anajificha na tochi nyuma ya mgomba apate kuandika faini ya shilingi 30,000. Kusema kweli, mahali pengine kibao cha kumaliza 50 hakipo, na dereva hajui aanze lini kukanyaga mafuta. Hilo wana haki nalo. Tukiomba kibao cha 30, tuombe pia kibao cha kukimaliza, na mahali penyewe pawe pafupi: shuleni, gengeni, zahanati. Siyo kilomita kumi za pori.

Kuhusu kuchelewa, jamani, tuwe wakweli. Sehemu ya kilomita 2 kwa mwendo wa 50 inachukua kama dakika mbili na nusu. Kwa 30 inachukua dakika nne. Dereva anapoteza dakika moja na nusu, pungufu ya muda anaotumia utingo kugombea chenji ya soda.

Vijana wetu wa bodaboda wasidhani naandika juu ya malori peke yake. Wanajijua. Abiria wawili nyuma, gunia mbele, na spidi ya kwenda kuzima moto. Hawa ni watoto wetu, tunakula nao, na kuwaambia hakuhitaji barua kwenda serikalini.

Ila nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ajenda iliyopo inasema tuandike barua TANROADS, kwa kuwa barabara kuu iko mikononi mwao, tuombe matuta na vibao vya 30. Vema, iandikwe, na nakala ipelekwe kwa Diwani na kwa polisi wa usalama barabarani. Lakini tutasimama vipi mbele ya watu kuomba hivyo wakati malori tunayoyakodi sisi yanapita vijiji vya wenzetu kama yamefukuzwa? Sisi ndio tunaopanga bei ya safari. Tunamlipa dereva kwa tripu, akipiga tripu tatu anapata zaidi ya mbili, halafu tunamshangaa anakimbia. Tabia mbaya ipo, sikatai, ila hapa tunainunua kwa fedha ya ushirika!

Napendekeza mkataba wa kukodi lori uandikwe upya. Malipo yawe kwa siku, au kwa tani na muda wa kutosha wa safari. Kiwekwe kifungu kwamba kwenye makazi ya watu mwisho ni 30, hata kama kibao kinaruhusu 50, na mwenye lori akivunja mara mbili tumwache. Ndiyo, gharama itapanda kidogo kwa kila gunia. Mweka hazina atuletee hesabu hiyo mkutanoni, tuione kwa macho na tuipigie kura tukiijua.

Malori ya mahindi tunaanza kuyatafuta mwezi Juni. Mkataba wa sasa ukitiwa sahihi kabla ya hapo, tutakuwa nao msimu mzima.

Ni mimi mwanachama mwenzenu, Ruhuwiko.