Matawi Yamefika Matano, Mhudumu Bado Analipishwa Chupa Iliyovunjika

Wadau, kuna bosi mmoja wa bar hapa Dar, jina nalihifadhi ila wengi mnamjua, juzi kafungua tawi la tano. MC, wasanii, na historia ya bar kwenye skrini kubwa. Eti alianza na ndoto yake, akaijenga kwa akili yake mwenyewe. Nikashindwa kunyamaza.

Sisi tuliokunywa pale Sinza tangu ni banda la mabati na viti vya plastiki tunaijua historia. Bosi alikuwa anapita usiku kuchukua mauzo, basi. Aliyefungua mlango, akabeba kreti, akakumbuka nani anakunywa ya moto nani ya baridi, akaandika madeni yetu kwenye daftari na kuyadai mwisho wa mwezi bila kutuaibisha, ni dada mmoja mhudumu. Jikoni kulikuwa na mchoma nyama ambaye watu walimfuata kutoka mpaka Mbagala. Hao ndio tuliowafuata, jina la bar lilikuja baadaye.

Dada yule akaambiwa afundishe wasichana wa tawi la pili. Alipomaliza, akaambiwa umri umeenda, sasa wanataka "muonekano". Miaka kumi na moja, hana mkataba, hana mchango hata mmoja NSSF. Kwenye skrini hakutajwa.

Na hao wasichana wapya? Wanaingia saa nne asubuhi, wanatoka saa nane usiku. Mteja akikimbia na bili, wanakatwa wao, yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hata kwa ovataimu mtu asizidi saa 12 kwa siku, makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara, usiku kuna nyongeza ya asilimia 5, na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Muulize mhudumu wako leo kama amewahi kuziona.

Najua mtasema mtaji ni wake na ametoa ajira. Sawa, mtaji ni wake. Ila ajira bila mkataba ni kumtumia mtu tu, akichakaa unamtupa. Na sisi wateja tusijitoe: tunagombana na mhudumu kwa ajili ya chenji ya mia tano, halafu bosi akipita tunasimama kumsalimia.

Bosi, tawi la sita likija, anza na mikataba. Halafu mtafute yule dada. Daftari letu la madeni analo yeye, na deni kubwa humo ni lako.