Ngoma ya Muheme na Kisu

Tangu mwaka 2009, uwele na mtama ukiwa umeshaingizwa ghalani na vumbi la kiangazi limeanza kutanda, vikundi vya ngoma kutoka vijiji vya Ugogo vimekuwa vikikutana Chamwino kila mwezi wa Julai kwa tamasha la muziki wa Kigogo. Miongoni mwa waasisi wake ni Dakta Kedmon Mapana, mwanamuziki na mwalimu wa chuo kikuu aliye mzaliwa wa mkoa huu, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa. Huja waimbaji wa nindo na wa msunyunho, huja wapigaji wa zeze na marimba, na huja wanawake na ngoma zao za muheme, zenye kiuno chembamba, wakizibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja. Wageni wa ng'ambo nao huwapo, na kamera zao.

Kila tamasha hilo linapokaribia, kauli mbili husikika mkoani mwetu. Wapo wasemao kwamba muheme ni ngoma ya unyago, na unyago wa Kigogo ni ukeketaji, hivyo anayeishangilia ngoma anakishangilia kisu. Wapo na wale wanaojibu kwamba ngoma ni urithi tulioachiwa, usioguswa wala kuulizwa, na kwamba kulitaja jambo la kisu mbele ya wazee ni kuwavunjia heshima. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeacha kutazama yaliyotukia katika miaka hamsini iliyopita.

Ni kweli kwamba muheme ilikuwa ngoma ya kuwacheza wasichana. Ilikuwa mali ya wanawake, nayo ni sifa ya pekee, kwa maana katika makabila mengi ya nchi yetu ngoma hushikwa na wanaume na wanawake huachiwa kuimba na kucheza. Msichana alipofikia umri, kina mama walikusanyika, naye akafundishwa kwa nyimbo namna ya kukaa na wakwe, namna ya kuutunza mwili wake, adabu ya nyumba na ya mji. Wimbo ulikuwa ndio daftari lake. Na kisu nacho kilikuwamo; hatuna sababu ya kulificha jambo hilo, wala hatudhani kwamba bibi zetu walikitumia kwa chuki. Walitenda walivyotendewa.

Yaliyofuata ndiyo yanayostahili kutazamwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viongozi walipoanza kuhimiza kwamba desturi hiyo iachwe, palizuka katika mikoa ya Dodoma na Singida habari za maradhi yaliyoitwa lawalawa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto wa kike walisemekana kupatwa na muwasho na uchungu katika sehemu za siri, na watu wakaamini kwamba dawa ya lawalawa si sindano wala vidonge bali ni kukeketwa. Waganga wa hospitali wameeleza mara nyingi kwamba hayo ni maambukizi ya kawaida, yanayotibika kwa dawa za kawaida na kwa usafi. Lakini imani ilikwisha kupata njia yake, na njia hiyo ilimwelekea mtoto mchanga, asiyeweza kusema wala kushitaki.

Mwaka 1998 ilitungwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoweka adhabu ya kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano kwa yeyote amkeketaye msichana aliye chini ya miaka kumi na minane. Sheria ilikuwa njema. Hata hivyo ilizidi kulisukuma jambo hili gizani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Dodoma wanawake 47 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 katika 100. Manyara peke yake ndiyo iliyotuzidi. Na katika nchi nzima, miongoni mwa waliokeketwa, 35 katika 100 walifanyiwa hivyo kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta hesabu ya taifa imeshuka kufikia 8 katika 100, kutoka 18 katika mwaka 1996. Kushuka huko ni jambo la kufurahisha.

Tunawaomba wasomaji wetu waitafakari hesabu ile ya watoto wachanga. Mtoto wa miezi mitatu hapigiwi muheme. Hafundishwi wimbo, hawekwi ndani, hachezwi na shangazi zake. Penye mtoto huyo kisu kimekwisha kuachana na ngoma: kimejificha katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kinafanya kazi yake kimya kimya. Ngoma kwa upande wake imetoka hadharani, ikaingia shuleni, kanisani, na uwanjani wageni wa serikali wanapopokewa. Kwa hiyo anayetaka muheme izimwe ili ukeketaji ukome anampiga asiyekuwapo, na anayeitetea muheme kana kwamba unyago wa zamani ungali mzima analinda nyumba ambayo wenyewe walihama.

(Na kama lawalawa ni jambo la usafi, basi ni jambo la maji pia. Katika nyanda hizi za kati mvua haizidi sana milimita 550 au 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mama anayetembea nusu siku kwa ndoo moja hawezi kuhubiriwa usafi akashiba maneno. Kisima kimoja chaweza kuokoa mabinti wengi kuliko semina kumi.)

Kilichopotea katikati ya hayo yote ni mafunzo. Kisu kipo kwa siri, ngoma ipo kwa shangwe, lakini kungwi aliyekuwa akimketisha msichana na kumweleza mambo ya utu uzima hana tena mahali pake. Msichana wa leo katika vijiji vya Bahi au Mpwapwa anaweza kuicheza muheme kwa ustadi mbele ya mgeni rasmi na asijue neno hata moja la yale ambayo wimbo ule uliwekwa kumfundisha.

Hatari hii si yetu peke yetu. Katika milima ya Himalaya, huko Ladakh, Nepal na Bhutan, watawa wa Kibudha wana sherehe za kale ambamo hucheza kwa siku kadhaa wakiwa wamevaa vinyago, na wanakijiji hushuka kutoka mabondeni kuja kutazama kwa kuwa wanaamini kutazama kwenyewe ni ibada. Kwa Wabhutan, ngoma ya vinyago ya Drametse ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa hazina za wanadamu. Lakini huko Ladakh baadhi ya mahekalu yameihamisha sherehe yao kutoka majira ya baridi, mkulima anapokuwa na nafasi, na kuipeleka kiangazi, watalii wanapofika. Mkulima yuko shambani wakati huo. Sherehe imepata watazamaji na imepunguza wenyewe.

Kwa bahati njema tamasha la Chamwino halijaingia mtego huo wa kalenda. Julai ni mwezi wetu wa mapumziko ya shamba, na jando na unyago tangu zamani vilifuata mavuno. Lakini mtego mwingine upo karibu zaidi. Chamwino si kijiji cha pembezoni tena. Pale ambapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere alishiriki na wanakijiji kufyatua matofali, mnamo tarehe 20 Mei 2023 ilizinduliwa Ikulu mpya. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, mialiko imekuwa mingi: mkutano huu, uzinduzi ule, mgeni huyu. Kila mara wanaitwa kina mama wa muheme, wanasimamishwa juani tangu asubuhi, wanapiga dakika tano msafara unapopita, na shughuli imekwisha. Muheme ikizoea kuitwa hivyo itakuwa kama zulia jekundu, kitu cha kutandikwa na kukunjwa.

Maoni yetu ni kwamba tamasha lipimwe kwa jambo lifanyikalo siku zilizotangulia jukwaa. Vikundi vinapojiandaa vijijini, makungwi waliobaki, ambao wengi ni wazee sana, waketi na wasichana wa shule wiki mbili au tatu wakati wa likizo ya Juni, wawafundishe nyimbo pamoja na maana zake, na muuguzi wa zahanati awe ndani ya mduara huo huo, alijibu suala la lawalawa kwa lugha ya Kigogo, mbele ya bibi hao hao wanaosikilizwa. Yeye asije kama askari. Kungwi akisema kwa kinywa chake, kwa wimbo, kwamba kisu kimeachwa, neno lake litafika katika chumba cha nyuma ambako polisi hawafiki.

Hilo lina gharama, ingawa si kubwa. Wazee hao wanahitaji chakula na posho kwa siku hizo, na daftari au kinasa sauti cha kuhifadhi nyimbo ambazo watu wawili au watatu tu wanazijua kijijini. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa huandika bajeti za kuwasafirisha wachezaji kwenda kupokea wageni. Tungependa kuona katika bajeti zijazo mstari mmoja ulioandikwa kwa ajili ya kungwi, kabla orodha ya magari haijapangwa.