Ni Nani Anayefukuza Mtaji Turkana?

Wananchi wenzangu wa Kaloleni, Bahati, Dandora na Kayole,

Juni 2018 wakazi wa Turkana walizuia malori ya mafuta wakidai usalama na kazi. Papo hapo ikahubiriwa kwamba siasa zao zinafukuza wawekezaji. Hoja hiyo ni kuukuu. Mwaka wa 1990 wazee wetu walifungiwa uwanja wa Kamukunji kwa kisingizio kwamba vyama vingi vitaleta vurugu. Kumbe Novemba 1991, walipokutana Paris, wafadhili walizuia misaada kwa sababu ya ufisadi na ukaidi wa watawala. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kilifutwa.

Tupime ukweli. Mafuta yalitangazwa Machi 2012, katika kisima cha Ngamia 1. Yana nta, sharti yapashwe moto ili yatiririke, na hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 800. Aprili 2016 Uganda ikachagua kupitishia bomba lake Tanga. Mei 2023 TotalEnergies na Africa Oil zikajiondoa. Mwaka wa 2025 Tullow ikaiuzia Gulf Energy. Je, ni mchungaji wa Lokichar aliyeamua hayo yote?

Anayewekeza kwa miaka 25 huogopa mkataba utakaovunjwa na serikali ijayo. Na mkataba uvunjikao upesi ni ule uliofichwa wenye mali. Katiba ya 2010, Kifungu cha 71, inataka Bunge liidhinishe mikataba ya maliasili. Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Lakini asilimia 5 ya hesabu usiyoiona ni asilimia 5 ya nini?

Msiseme Turkana ni mbali. Septemba 2011 petroli iliyovuja iliwaka Sinai, hapa kwetu, ikaua watu zaidi ya 100. Utajiri ulipita mlangoni pa maskini. Kilichowafikia ni moto.

Ahabu hakupungukiwa na mali alipolitamani shamba la Nabothi. Alipungukiwa na haki.

Basi kila jumuiya na kila kamati ya mtaa imwandikie mbunge wake, idai mambo mawili: mikataba yote ichapishwe kikamilifu, kwa Kiswahili pia, na hesabu za fungu la jamii zisomwe barazani kila mwaka. Mwekezaji mwaminifu hatakimbia mwangaza huo. Atakayekimbia, na aende.