Uvira: Mnunuzi hakimbii bei, anakimbia maji na makaratasi

Ukipita kwa mguu kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, utasoma maneno mengi kwenye kuta. Mara nyingi utakuta haya: « Parsele hii haiuzwi. » Mgeni anaweza kushangaa. Nani anapoteza rangi yake kuandika kwamba hauzi kitu? Lakini mkaaji wa Uvira, sawa na yule wa Bukavu, Goma ao Kinshasa, anajua sababu. Mwenye nyumba anaogopa kwamba siku moja akisafiri, mtu mwingine atatengeneza karatasi na kuuza nyumba yake kwa mtu wa tatu.

Sisi kwetu tuliandika kinyume. Ni miaka 2 sasa ukuta wa nyumba ya wazazi wangu, karibu na ziwa, umeandikwa « Nyumba ya kuuza » na namba ya simu ya kaka yangu. Rangi imeanza kufifia. Tulianza na dola 18.000, tukashuka 14.000, sasa tuko kwa 9.000. Simu inalia, watu wanauliza, wengine wanafika mpaka kwenye mlango. Hakuna anayerudi mara ya pili.

Komisyoneri wetu ana jibu moja tu: « Mushushe tena. » Kwenye meza za pombe na mbele ya kanisa utasikia jibu hilo hilo: watu hawana feza, bei iko juu. Mimi sikubali. Watu wa Uvira hawana feza nyingi, ni kweli, lakini kuna wanaonunua. Wanajenga kwenye mlima, wananunua upande wa Kiliba. Kuna ndugu zetu waliopitia kambi ya Nyarugusu na leo wako Marekani, wanatuma dola ili wazazi wapate pa kulala. Wanunuzi wapo. Wanakimbia nyumba kama yetu kwa sababu wana maswali matatu ambayo hatuna majibu yake: Maji yatarudi? Karatasi ni za kweli? Kesho tutakuwa hapa?

Na mimi naona kwamba kushusha bei hakujibu hata swali moja. Kushusha bei hakupunguzi hatari, kunaihamisha tu. Kunaitoa kwa mwenye kujua na kuipeleka kwa asiyejua.

Ziwa lina mlango mmoja

Tuanze na maji. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, pamoja na Rusizi hapa kwetu kaskazini, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, kule Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake inapotea kwa kukauka juani. Ndiyo maana likijaa, halishuki kwa wiki mbili kama mto. Linaomba miaka.

Jambo hili si geni. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876, alikuta mlango umezibwa na matope na majani. Joseph Thomson alipopita mwisho wa mwaka 1879, maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu. Ziwa likashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Ardhi kubwa ya kando ikabaki kavu, na watu wakajenga. Kwenye miaka ya 1960 ziwa likapanda tena, na wazee wetu wanakumbuka mwaka 1964. Likashuka, watu wakasahau, wakajenga tena. Kuanzia mwaka 2020 likarudi kupanda, na mwaka 2024 likakaribia alama ile ya 1964. Wenzetu wa Gatumba, ng'ambo ya mpaka, wameona kartie nzima zikiwa ndani ya maji ya Rusizi na ziwa.

Kwetu maji yaliingia kwenye uwanja mwaka 2021. Mwaka 2024 yalipita mlango na kufika chini kidogo ya dirisha. Choo kilijaa kwanza, na kila aliyewahi kuishi kando ya ziwa anajua maana yake. Mama alihamia kwa dada yangu, kwenye kartie ya juu. Alifikiri ni kwa mwezi mmoja.

Kukimbilia juu nako si usalama wa bure. Uvira ni mji mwembamba, umebanwa kati ya mlima na ziwa, na mito inashuka kutoka mlimani ambako miti imekatwa sana. Katikati ya Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilitoka kwenye njia zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Kwa hiyo mnunuzi anayeuliza « maji yatarudi? » hana woga wa bure. Ameishi Uvira ao amesikia habari zake.

Karatasi ya shefu haitoshi

Swali la pili ni karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Leta. Mtu ananunua nyumba iliyo juu, kisha anapata haki ya kutumia ardhi ile. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki isiyo na mwisho. Mgeni anapewa ya muda, kwa kawaida miaka 25 inayoweza kuongezwa. Haki hiyo inasimama kisheria pale inapoandikwa kwenye sertifika, kwa mkubwa wa hati za ardhi, yule tunayemwita konsevatere.

Sasa uliza katika avenue yako ni nyumba ngapi ziko na sertifika. Nyingi ziko na barua ya kuuziana, imesainiwa na mashahidi na shefu wa kartie, na labda fishi ya parsele. Karatasi hizo zina maana kati ya majirani wanaojuana, lakini mnunuzi anayetoka mbali hazimtoshi. Tena sheria ile ile inasema ardhi iliyo kwa matumizi ya umma haiwezi kupewa mtu binafsi kabla Leta haijaitoa rasmi katika hali hiyo. Kama parsele yako iko kwenye ukingo wa ziwa ao wa mto, mnunuzi mwenye akili atauliza: aliyeweka saini alikuwa na haki ya kuiweka?

Halafu kuna familia. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaomba mume na mke wakubaliane wote wawili kabla ya kuuza nyumba. Baba akifa, watoto wake wote ni warithi wa kwanza, pamoja na wale aliowazaa nje ya ndoa na kuwatambua. Sisi tuko watano. Mmoja yuko Kalemie, mwingine Lubumbashi, na mmoja hataki kusaini kwa sababu anasema nyumba ya baba haiuzwi. Mnunuzi akisikia hivyo, anaomba maji ya kunywa, anashukuru, anaenda.

Vita navyo

Swali la tatu kila mtu analijua. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Benki zikafungwa katika miji hiyo miwili, na serikali ya jimbo ikahamia hapa Uvira. Mwezi Desemba 2025 waasi wa AFC/M23 wakaingia Uvira yenyewe, maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, kisha mwezi huo huo waasi wakatangaza kwamba wataondoka. Mtu aliyebeba godoro kichwani mpaka ng'ambo haanzi kesho yake kutafuta nyumba ya kununua. Anaiweka feza mahali anapoweza kuibeba. Na hapa kwetu nyumba inalipwa dola mkononi: mkopo wa benki kwa ajili ya nyumba ni jambo la wachache sana, na bima ya mafuriko mkaaji wa kawaida haijui. Nyumba ikienda na maji, mwenyewe anabeba hasara yote peke yake.

Siku mnunuzi alipokuja

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, alifika mtu mmoja. Hakuwa wa Uvira. Ziwa hupanda mpaka mwezi wa 4 na wa 5, kisha linashuka kwenye kiangazi. Agosti uwanja ulikuwa mkavu, tulikuwa tumepaka chokaa, upepo wa ziwa ulikuwa mzuri. Alipenda nyumba. Alisema watoto wake watacheza hapa. Alitaja bei iliyotupendeza.

Baba yetu mdogo alituita pembeni. « Munyamaze, » akasema. « Asipouliza, musiseme. Mvua ikianza, feza itakuwa mkononi mwa mama yenu. »

Sitadanganya: nilifikiria. Mama yuko na sukari, dawa ni feza kila mwezi, na dada yangu ana watoto wake sita. Lakini yule mtu akaniuliza mimi moja kwa moja: « Ndugu, hapa maji yanafikaga? » Mama ndiye alijibu, kabla sijafungua mdomo. Alinyoosha mkono na kuonyesha chini ya dirisha. Mtu yule akamshukuru. Hakupiga simu tena.

Baba mdogo alitukasirikia muda mrefu, na najua wasomaji wengi watamwunga mkono. Watasema ukweli haununui dawa. Ni kweli. Lakini tungefanya nini na feza za mtu ambaye mwezi wa Aprili angekuwa na watoto wake juu ya meza? Uvira ni ndogo. Tungekutana naye sokoni. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa kwetu inaishia kortini ao inaishia vibaya zaidi.

Nini kifanyike

Kwa sababu hiyo sitaki kuwaambia wenye nyumba tu « museme ukweli » na kuishia hapo. Ukweli wa mtu mmoja unamwacha na hasara peke yake, wakati jirani anayenyamaza anauza. Ukweli huu lazima uwe wa mji mzima.

Kwanza, meri na komine ziweke alama. Kila mtu anajua maji yalifika wapi mwaka 2020, 2021 na 2024. Isimamishwe miti ao nguzo za saruji kandokando ya ziwa na ya mito, na karta ibandikwe kwenye ofisi za kartie, mahali kila mtu anaweza kuisoma bila kulipa. Kazi hiyo haingoji mfadhili wa kutoka Ulaya.

Pili, ofisi za ardhi ziache kusaini parsele mpya ndani ya alama hizo. Na pale ambapo Leta yenyewe ilisaini zamani, ikapokea feza ya saini, haiwezi leo kumwambia mkaaji kwamba alijenga vibaya. Impe parsele nyingine, hata ndogo. Aliyepokea feza ya karatasi abebe naye sehemu ya hasara.

Tatu, sisi wenye nyumba tutengeneze makaratasi kabla ya kumwita komisyoneri. Warithi wakae, waandike, wasaini wote. Nyumba ya juu yenye karatasi safi itapata mnunuzi hata katika nyakati hizi. Na nyumba kama yetu, iliyo ndani ya maji, lazima tukubali kwamba pengine haifai kuuzwa kwa mtu kama makao. Labda inafaa kuwa mahali pa kuanika ndagala wakati wa kiangazi, kwa bei ya kiwanja, na mnunuzi akiwa anajua anachonunua.

Nne, wewe mnunuzi, hasa uliye mbali: usinunue kwa picha za WhatsApp. Njoo mwezi wa Aprili, usije Agosti. Ongea na majirani watatu bila komisyoneri. Nenda mwenyewe kwa konsevatere ao tuma mtu unayemwamini. Uliza ni warithi wangapi, kisha hesabu saini.

Wiki iliyopita nilienda kwenye nyumba na kopo la rangi. Sikufuta « Nyumba ya kuuza ». Nilipiga mstari chini ya dirisha, pale Mama alipoonyesha, nikaandika pembeni: « Maji, 2024 ». Kaka yangu anasema nimeua biashara. Inawezekana. Lakini atakayepiga simu sasa atakuwa ameshausoma mstari huo, na tukipatana bei, Mama ataweza kupokea feza hiyo bila kugeuza uso.