Hungaria 2024: Msamaha wa Rais Uliotikisa Siasa za Nchi

Mwaka 2024 saini moja ilibadili mwelekeo wa siasa nchini Hungaria. Mwanzoni mwa Februari ilibainika kuwa Rais Katalin Novák alikuwa amemsamehe, mwaka 2023, aliyekuwa naibu mkurugenzi wa makazi ya watoto, aliyetiwa hatiani kwa kusaidia kuficha udhalilishaji wa kingono dhidi ya watoto hao.

Waziri Mkuu Viktor Orbán aliwasilisha pendekezo la kurekebisha Katiba ili msamaha wa aina hiyo usitolewe tena. Hata hivyo, Februari 10, Novák, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, alijiuzulu. Judit Varga, aliyeuidhinisha msamaha huo akiwa Waziri wa Sheria, naye aliachia kiti chake bungeni.

Kwa chama tawala cha Fidesz, kilichojinadi kuwa mlinzi wa familia, pigo hilo lilikuwa zito. Maelfu ya wananchi waliandamana Budapest. Péter Magyar, mtalaka wa Varga, aliibuka kuwa mkosoaji mkuu wa serikali. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya uliofanyika Juni 9, chama chake cha Tisza kilipata takriban asilimia 30 ya kura na viti 7, huku Fidesz na mshirika wake wakiongoza kwa viti 11.

Orbán alibaki madarakani, lakini mwaka huo ulidhihirisha kwamba mamlaka ya kusamehe, ingawa ni ya kikatiba, hayamwondolei kiongozi wajibu wa kueleza sababu, hasa pale usalama wa watoto unapohusika.