Kibanda, bando au sebule?



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzazi mmoja aliiletea kamati yetu ombi zito. Alitaka tumwandikie mwenyekiti wa mtaa ili kibanda cha gemu kilicho karibu na msikiti kifungwe. Mwanawe alikuwa haonekani madrasa jioni, na fedha ya madaftari ilikuwa ikipotelea njiani. Kabla ya kushika kalamu, tuliona inafaa tukajionee wenyewe.

Tulikuta runinga tatu, mabenchi, na vijana wakicheza mpira wa PlayStation wawili wawili. Mechi moja ni shilingi 500, na kanuni ya pale ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelipa. Mshindi hubaki na pedi yake mkononi bila kutoa hata senti. Kijana anayefungwa mara nne kwa siku hutoa shilingi 2,000, na kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 52,000. Huko ndiko yalikokwenda madaftari.

Hata hivyo, iko hasara iliyo kubwa kuliko hiyo. Mchezo ambao kila mmoja huuingia akihofia kulipa na akitaraji kucheza kwa fedha ya mwenzake, wapo wanazuoni waliouhesabu kuwa ni kamari, nayo kamari imeharamishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja atoe shilingi 250 kabla ya mechi kuanza. Mwenye kibanda hapungukiwi na kitu, na mchezo unabaki kuwa mchezo.

Wapo wazazi wanaodhani wamekwepa yote haya kwa kumnunulia kijana simu acheze mtandaoni akiwa chumbani. Nao wapige hesabu. Mechi yenyewe haili bando kubwa. Kinachokula bando ni kupakua gemu na masasisho yake, ambayo kwa gemu kubwa hufika makumi ya gigabaiti. Mwenye PlayStation 4 au 5 hutozwa pia ada ya uanachama kwa michezo mingi ya mtandaoni. Aidha, kutoka Mwanza hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na seva nyingi za michezo hii ziko ng'ambo, kupitia nyaya zilizo chini ya bahari. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilizorota. Siku hiyo pedi mbili kwenye runinga moja hazikuhitaji waya wowote wa baharini.

Kamari nayo haikubaki kibandani. Baadhi ya gemu za mtandaoni huuza visanduku ambavyo mnunuzi hajui ndani yake mna nini mpaka alipe. Ubelgiji, nchi isiyo ya Kiislamu, mwaka 2018 ilitamka kwamba visanduku hivyo vinaingia katika sheria yake ya kamari.

Liko pia jambo la swala. Wawili walioketi benchi moja, muadhini akiadhini, husimamisha mechi na kuiendeleza baadaye. Mchezo wa mtandaoni hausimami hivyo. Mpinzani yuko mbali, humjui wala hakujui, na anayeondoka huhesabiwa ameshindwa. Kijana anafundishwa kila siku kuchagua kati ya mechi na swala.

Kwa hiyo tunashauri sebule. Mashine iliyotumika, pedi mbili na diski moja ni gharama ya mara moja, na familia mbili zinaweza kuchangia. Mama anasikia kinachosemwa, na adhana inasikika. Uislamu haukuja kuua furaha: Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini mbele yake. Michezo hiyo ilikuwa mbele ya macho ya watu.

Barua hatukuiandika. Mwenye kibanda, ambaye ni muumini mwenzetu, amekubali malipo ya nusu kwa nusu, na kutopokea watoto kuanzia Alasiri hadi Isha. Kijana yule sasa huhudhuria madrasa siku tatu kati ya tano. Hatusemi tumeshinda.

Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza yuko ziwani, na mbalamwezi ikiangaza yuko nyumbani. Tulimwuliza iwapo amewahi kuketi na mwanawe akauona mchezo huo. Alinyamaza. Mbalamwezi iliyofuata, tumeambiwa, alishika pedi ya pili na kufungwa mabao saba.

Allah atuwafikishe katika malezi ya watoto wetu. Amin.