Tumwendee mwenye ghala kwa sauti moja



Mwaka 2018 Serikali ya Rwanda iliafikiana na kampuni ya Alibaba, na kahawa yetu ikauzwa China kwa intaneti. Mzigo ule ulikuwa wa wakulima wengi. Lakini kijana wa Nyakabuye anayeuza kwa simu mali iliyomo ghalani mwa tajiri wa Kamembe huenda kuomba peke yake. Mzigo ukichelewa au ukivunjika, mteja humdai yeye. Tajiri yu salama.

Tujiunge. Tukusanye oda zetu, tumpelekee tajiri mkataba wa maandishi: bei, siku za kumfikishia mteja mzigo, na nani atabeba hasara. Oda nyingi zitamfanya asikilize. Akikataa, tutatafuta ghala jingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.